Ng'oa Hivyo Vigingi

Javan Shiundu huchomelea milango ya chuma jijini, Kariobangi, lakini ukimuuliza kazi yake atakuambia yeye ni mkulima. Shamba lake liko Bungoma, na anayeshika jembe huko ni mkewe, Nabalayo. Javan hulima kwa simu. Asubuhi, kabla hajawasha mashine, alikuwa akipiga na kutoa amri: leo palilia, kesho tia mbolea, na nani kakwambia upande maharagwe hapo?

Muoki, seremala wa kibanda jirani, hakuacha kumchokoza.

"Mkulima wa simu! Leo umelima ekari ngapi kabla salio kuisha?"

"Cheka tu. Kwenu Ukambani mnapalilia mawe."

Ukweli ni kwamba shamba lenyewe lilikuwa linachoka. Mbolea ilikuwa ile ile, jasho lile lile, na kila msimu mahindi yalizidi kudumaa. Wa kuulizwa alikuwa nani? Wadi nzima ilikuwa na afisa mmoja wa kilimo, Annah, na pikipiki ya serikali ambayo mara nyingi haikuwa na mafuta. Tunataka nchi ishibe, huku mkulima akiachwa abahatishe peke yake kama mtu anayetafuta mlango gizani! Misimu ilipita bila Annah kuonekana, si kwa uvivu wake.

Mwaka jana akafika. Alipima udongo wa mashamba ya kikundi cha akina mama, akawaambia umezidi asidi. Usipotiwa chokaa ya shambani, mbolea yote mnayonunua ni kazi bure. Wengi hawakuamini. Basi akataka shamba moja liwe darasa: nusu itiwe chokaa, nusu ipandwe kama kawaida, na kikundi kizima kije kujionea mpaka mavuno. Akina mama wakachagua shamba la Nabalayo. Yeye ambaye hajawahi kuchaguliwa kwa lolote, hata kushika sahani ya sadaka kanisani.

Kwa furaha akamtumia mumewe picha.

Javan aliifungua akiwa kazini, vidole vimejaa masizi. Hakuona darasa. Aliona vigingi vimepigwa katika ardhi yake, kamba nyeupe imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kibao kimesimamishwa.

Vigingi alivijua. Kabla ya kuhamia Kariobangi alikuwa na chumba cha mabati katika mtaa mwingine wa huku huku Eastlands. Watu walikuja na kamba, wakapiga vigingi, wakasema wanapima tu. Majirani waliwapa hata chai. Tingatinga lilipokuja, Javan aliokoa godoro na sufuria moja.

Akapiga simu papo hapo.

"Mama Ryan, nani huyo anapima shamba langu?"

"Hapimi shamba, Baba Ryan. Ni Madam Annah wa kilimo. Yuko hapa, hebu zungumza naye."

"Sizungumzi na mtu. Ng'oa hivyo vigingi."

"Watu wote wamekuja. Hata chokaa imeletwa."

"Chokaa ni ya kupaka nyumba! Ng'oa. Na usikate simu."

Akasikia gumzo la akina mama likikatika. Akasikia mmoja akisema, "Ngoja kidogo, Nabalayo." Kisha pumzi za mkewe, akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka.

Muoki aliacha kupiga randa.

"Huyo ni wa kilimo, ndugu yangu. Si ungemuuliza kwanza?"

"Wewe hujui mambo ya ardhi."

Darasa likahamia kwa jirani yao, Mourine. Javan hakuambiwa. Alijua wakati wa mavuno, alipopiga simu ikapokelewa na mama yake mzazi.

"Mkeo yuko kwa Mourine, kwenye kibarua cha kuvuna. Mahindi ya huko yamemshinda mwenyewe."

"Na yetu?"

"Yetu yapi? Tulimaliza kitambo."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie nini, Javan? Umpigie kelele tena?"

Siku hiyo alichomelea mlango ukakaa upande, akaukata, akaanza upya. Jumapili, baada ya kanisa, akampigia Nabalayo.

"Mama Ryan, nilikosea. Mwite Madam Annah. Apime, apige vigingi, afanye anavyotaka."

"Alistaafu."

"Na aliyechukua nafasi yake?"

"Hakuna aliyeletwa."

"Basi tumia uliyojifunza kwa Mourine. Chokaa hutiwa vipi?"

"Sikwenda. Siku za darasa nilikuwa nazunguka njia ya mtoni ili wasinione."

Javan alihamisha simu sikio la pili.

"Nitampigia Mourine mwenyewe," alisema. "Nimwombe akuonyeshe."

"Usimpigie, tafadhali. Umenitia haya mara moja, inatosha." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Mvua inakaribia, Baba Ryan. Wewe sema. Tupande lini, na tutie nini?"

Akangoja amri. Javan alisimama na simu sikioni, kwa mara ya kwanza akiwa hana la kuamuru.