Nati Nane za Kushoto

Mimi ni mtu wa hasira, hata mke wangu Pascalia atakwambia, kwa hiyo usitaraji nikusimulie habari za Garama kwa upole. Miaka kumi na tisa tumefanya kazi pamoja kwenye gereji hii ya Magogoni, yeye fundi wa magari mazito, mimi Kyalo mtu wa kuchomelea na kukata vyuma kwa gesi. Malori ya kale ya jeshi yanaletwa hapa kutoka mnadani yameliwa na kutu, na wenyewe wanataka yangurume tena. Mafundi wengine huja na nyundo. Garama alikuwa na dizeli, kitambaa na subira. Alilowesha nati iliyoshikana, akaigonga kidogo, akaenda kunywa chai, akarudi akalowesha tena. Angeweza kukaa siku tatu na nati moja.

Mwanawe Jefwa naye alikuwa fundi kamili, mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Mwezi wa Februari walikorofishana kwa ajili ya lori moja la Bedford la kijani. Jefwa alikuwa amerudisha tairi la mbele, upande wa kushoto, na Garama akamwuliza kama amepaka grisi kwenye bolti kabla ya kukaza nati. Jefwa akasema ndiyo. Garama akaona kazi imekwisha upesi mno.

"Wewe ni mvivu, tena mwongo," akamwambia mbele yetu sote.

Jefwa akanawa mikono, akapanda pikipiki yake kwenda nyumbani Utange. Hakufika. Trela lilimgonga njiani.

Garama hakulia. Mazishini hakulia, na aliporudi kazini hakulia. Ukimpa chai aliishika mpaka ikapoa. Ukimsalimia aliitika, basi. Nilimkasirikia, nasema kweli. Nilitaka apige kelele, avunje hata kioo cha mtu, ili nami nijue la kufanya. Zamani tulimwita Baba Jefwa. Tukaanza kumwita mzee, kama mteja aliyeingia tu kuuliza bei.

Lile Bedford likakaa uani miezi minane, likipigwa na upepo wa chumvi. Wiki jana mwenye lori akaja na kusema breki ya tairi lile la kushoto inavuja, ifunguliwe. Nikajitolea kufungua mimi. Garama akatikisa kichwa, akachukua spana.

Akachomeka bomba refu kwenye spana ili apate nguvu, akaning'inia kwa uzito wake wote. Nati haikusogea. Akahamia ya pili, ya tatu. Hakulowesha, hakugonga, hakusubiri. Baada ya nusu saa shati lilikuwa limelowa jasho, akaiweka spana chini.

"Hakupaka," akasema. Sauti yake haikuwa na kitu ndani. "Alinidanganya. Kyalo, leta gesi ukate."

Nikaburuta mtungi na roho inaniuma. Nikikata, bolti zinaungua pamoja na nati zake, na hakuna atakayejua tena Jefwa alipaka au hakupaka. Nikawasha moto, nikapiga magoti, na hapo nikaiona herufi L imegongwa kwenye ncha ya bolti.

Upande wa kushoto wa malori haya, nati hufunguka kinyume na nati nyingine zote. Garama ndiye aliyetufundisha. Kila fundi mgeni hapa hukosea wiki ya kwanza, tukamcheka mpaka akome. Na nusu saa nzima Garama alikuwa anakaza.

Nikazima moto.

"Baba Jefwa," nikasema, "unakaza."

Nikaitia spana, nikaegemea upande wa pili. Nati ikalia mara moja, ikalegea, nikaimalizia kwa vidole. Nikamwekea mkononi. Kwenye meno ya ndani grisi ilikuwa bado ya manjano, laini.

Akaipangusa kwa kidole gumba, akainusa. Akachukua spana, akafungua ya pili mwenyewe, ya tatu, mpaka ya nane. Zote zilikuwa na grisi. Kisha akakaa chini kwenye mchanga, nati zote mapajani.

"Alisema ndiyo, Kyalo," akaniambia. "Nilimsikia akisema ndiyo."