Ukuta wa Chumba cha Babu

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na wasiwasi wangu una ujinga mmoja: hujiandaa kwa mabaya yote isipokuwa lile litakalotokea. Ukoo ulipoitisha kikao cha kuamua kama nyumba ya babu pale Temeke iuzwe, niliogopa mvua, nikaogopa mchwa, nikamwogopa baba mdogo, ambaye alishampata mnunuzi anayetaka kuibomoa ajenge fremu za maduka. Chokaa sikuiogopa. Nani anaogopa chokaa?

Babu alikuja kutoka bara akiwa kijana, akajenga nyumba ya miti na udongo wakati mtaa wetu ulikuwa mikorosho na mihogo tu. Waliotangulia pale walikuwa watatu, yeye mmoja wao. Nyumba za wale wawili zilishavunjwa zamani, hata wajukuu wao hawajui zilisimama wapi. Ya kwetu ilibaki, imeinama kidogo upande wa uani, na ndani yake alibaki shangazi, mtoto wa kwanza wa babu.

Mimi nilikuwa na sababu moja ya kuing'ang'ania: ukuta wa chumba cha babu. Alianza kuandika habari za nyumba yake kwenye kurasa za mwisho za Biblia, mchwa wakala. Akanunua daftari, nalo wakala. Ndipo akasema karatasi ni chakula cha wadudu, akachukua mkaa akaandika ukutani. Nani kazaliwa, siku gani, kulikuwa na mvua au jua. Nani kafa. Lini makuti yalishushwa yakapanda mabati. Mstari wangu ulikuwa chini ya dirisha: "Mjukuu wa kike, Ijumaa, maji ya bomba yamekatika." Hakuna cheti kilichowahi kuniambia hayo ya maji.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Jumapili ya kikao, baada ya ibada, ningewaingiza wote mle chumbani wajisome wenyewe. Akishajiona pale ukutani, nani angefungua mdomo aseme iuzwe? Jumatano nikampigia shangazi simu kutoka Kibamba ninakoishi.

"Shikamoo shangazi. Jumapili ndugu wote wanakuja. Naomba wakiingia waone nyumba ya watu, siyo gofu. Chumba cha babu ndiyo hasa, nataka waingie mle wote."

"Marahaba mwanangu. Wala usiwe na shaka, pale nitapaandaa mwenyewe."

Nikakata simu nimeridhika, mwalimu mzima mwenye akili zangu. Kwetu, mgeni wa kuingia ndani akija, nyumba hupigwa chokaa. Krismasi chokaa, harusi chokaa, hata arobaini ya marehemu chokaa. Chumba kile kilirukwa miaka yote kwa sababu hapakuwa na mgeni aliyefika mle. Mimi ndiye niliyewaalika.

Jumamosi saa nne asubuhi nilifika, harufu ikanipokea barazani. Nilitembea ukumbini nikijua na nikikataa kujua. Chumba kilikuwa cheupe pe.

"Umeona?" Shangazi alikuwa na madoa ya chokaa hadi kwenye nyusi. "Mikono mitatu ya chokaa nimekipiga. Ule mkaa ulinigomea, ila nimeuweza."

"Shangazi! Si ndiyo nilitaka waone? Yale maandishi!"

"Mgeni unamwonesha ukuta mchafu? Maandishi yote ninayo kichwani mie. Si ungesema?"

Kweli, si ningesema. Nililowesha kitambaa nikaanza kusugua chini ya dirisha. Mkaa na chokaa vikachanganyika, nikapata uji wa kijivu. Shangazi alinishika mkono, akanikalisha kitandani, na hapo nikalia kwa hasira. Simu yangu ilikuwa imejaa picha, hadi za sahani za wali. Ya ukuta ule haikuwemo hata moja, maana kitu kilicho nyumbani tulidhani kipo tu.

Jumapili baba mdogo alitangulia wenzake, na suti yake ya kanisani, daftari jipya kwapani. Hakutusalimia vizuri. Alikwenda moja kwa moja hadi chumbani, akainama karibu na mlango, akaweka kidole ukutani usawa wa goti. Akabaki ameinama.

"Wangu ulikuwa hapa," alisema.

Vyeti vyake vyote vina tarehe aliyopewa na mwalimu alipoandikishwa darasa la kwanza. Siku yake ya kweli ilikuwa pale tu. Alikuja mapema ili anakili ukuta mzima kabla nyumba haijauzwa. Niliona aibu. Yule niliyemwita mbomoaji alikuja na daftari, na mimi mlinzi wa nyumba sikuwa nimenakili hata mstari mmoja.

Ndugu walipofika walimkuta amekaa juu ya ndoo ya chokaa iliyofunikwa, anaandika, na shangazi anamtajia kutoka kichwani: kuzaliwa, misiba, bati. Mambo yalikwenda hadi walipofika kwake.

"Wewe ulizaliwa Jumanne, jua kali," shangazi alisema. "Nepi zako nilizianika mie."

"Dada, iliandikwa Alhamisi. Mvua. Niliisoma nikiwa mtoto."

"Ulijua kusoma wewe?"

Wakabishana hadi chai ikapoa. Kila mtu akageukia ukuta, kama tulivyozoea, na ukuta ukatutazama mweupe. Mwishowe baba mdogo alifunga daftari, akafuta macho kwa leso akisingizia vumbi la chokaa.

"Mwambieni yule mnunuzi asubiri," alisema. "Nyumba haiuzwi mpaka tukubaliane siku niliyozaliwa."

Miezi imepita. Kila Jumapili anakwenda pale, wanakunywa chai, wanabishana. Juzi shangazi alinipigia kusema ameanza kukumbuka kwamba jioni ile, baada ya jua, mvua ilinyesha kidogo. Tangu hapo simu yake ikiita, moyo unanipasuka: isije ikawa wamekubaliana.