Tairi kubwa zilivyofupisha barabara ya Kisumu, na mimi nikasema Amina

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na ile sehemu inayoniaibisha sijaitoa. Mtanicheka, lakini msome hadi mwisho.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa dereva wa lori la Mzee Nyakundi pale Keumbu. Tulikuwa tunabeba ndizi kutoka Ogembo na Nyamira kupeleka Kisumu. Nilikuwa nimekaa bila kazi karibu miaka miwili, kwa hiyo kazi ile niliitunza kama yai.

Mzee alikuwa Msabato wa kweli kweli, tena mzee wa kanisa. Masharti yake yalikuwa mawili: lori lisipite themanini, na Ijumaa jua lisituzamie njiani, maana hapo Sabato imeanza.

Kila safari alikaa kando yangu akitazama mshale wa spidi. Ng'ombe akikatiza barabara hamwoni, lakini mshale ukigusa themanini na moja, anakohoa.

Basi tairi zikaisha. Tukaenda Kisii town kwa duka la spea la Mhindi mmoja, bwana mpole aliyezaliwa hapo hapo, anayesalimia kwa Ekegusii vizuri kuliko watoto wetu. Saizi yetu haikuwepo. Zilizokuwepo zilikuwa kubwa zaidi, lakini zilikuwa na discount.

"Mzee, hii itaingia," akasema yule bwana, "lakini mita ya spidi itakudanganya. Rekebisha kwanza."

Mzee alikuwa ameshasikia discount, masikio yakaziba. Nje akaniambia, "Huyo anataka kuniuzia na mita."

Tairi zikafungwa, zikaombewa. Kwetu kitu kipya hakianzi kazi hivi hivi. Pasta aliwekea mkono kila tairi, hata ya spea.

Ijumaa ya kwanza tukatoka Kisumu saa ile ile ya kawaida, mshale themanini, hauzidi. Tukafika mapema mpaka mke wa Mzee akauliza kama soko lilifungwa.

Halafu kilomita. Safari ambayo siku zote mita ilisoma mia na thelathini, siku hiyo ilisoma mia na ishirini. Mzee akatazama mita, kisha akatazama mbinguni.

Kesho yake akasimama kanisani kutoa ushuhuda. "Ndugu zangu, tangu tuombee zile tairi, Bwana amefupisha barabara ya Kisumu. Kilomita kumi zimeondolewa! Dereva wangu ni shahidi."

Kanisa zima likageuka kunitazama.

Wakuu, mimi nilikuwa nimeshajua. Njiani niliona magari yaliyozoea kunipita, sasa nayapita mimi. Nikapima kimya kimya kwa saa ya mkono na vibao vya kilomita. Mshale ukiwa sitini, kilomita moja inatakiwa kuchukua dakika moja kamili. Yangu ilichukua sekunde hamsini na tano. Maana yake ile themanini ya Mzee ilikuwa themanini na saba. Tulikuwa tunakimbiza gari huku tukijiona watakatifu.

Nikakumbuka ile miaka miwili bila kazi. Nikasema "Amina". Tena kwa sauti.

Muujiza ukasambaa. Watu walitoka Nyakoe kuja kushika tairi. Kwaya nayo ikaomba lori letu liwapeleke makambi, ile mikutano ya kanisa, upande wa Nyamira, eti kwa vile barabara kwetu ni fupi. Mama yangu mzazi alikuwa kwenye kwaya hiyo, sauti ya pili.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko mmoja, mshale ukionyesha hamsini, nikauamini kwa mazoea, kona ikafika kabla sijajiandaa. Lori likateleza hadi ukingoni mwa mtaro, likasimama. Nyuma wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

Kisha wakaendelea kuimba. Niliogopa, sitawadanganya.

Mzee akanipiga bega. "Umeona ulinzi wa Bwana?"

Jumatatu nikaenda kwa fundi mmoja wa jua kali, anaitwa Ombati, bila kumwambia Mzee.

Ombati akacheka. "Miguu ya gari imekuwa mirefu, hatua zimekuwa kubwa, na mita bado inahesabu hatua za zamani." Akafungua pale kebo ya mita inapoingia kwenye gearbox, akatoa kigia kidogo cha plastiki, akaweka kingine chenye meno mawili pungufu ili kebo izunguke haraka zaidi. Nikapima tena kwa saa. Sitini, dakika moja kamili.

Ijumaa tukafika Keumbu jua likiwa linagusa migomba. Mita ikasoma mia na thelathini.

"Dereva, kilomita zangu kumi ziko wapi?"

Nikamweleza yote. Akaitazama mita tena.

"Kwa hiyo siku ile kanisani ulijua?"

"Nilijua, Tata," nikajibu, yaani baba kwa Ekegusii.

"Uongo wangu mimi ulikuwa ujinga. Wako ulikuwa na Amina juu yake." Akanyoosha mkono. "Leta funguo. Kesho utasimama wewe."

Nikasimama, bila funguo. Nikaeleza habari ya tairi, kigia na ile kona, na kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Kanisa zima likanitazama kama siku ile.

Kutoka viti vya kwaya sauti moja ikasema, "Amina." Ilikuwa ya mama. Nilikaa chini haraka, machozi yalikuwa karibu.

Nje Mzee akazunguka lori, akapiga teke tairi moja, akanirudishia funguo. "Jumatatu, Ogembo. Themanini. Lakini themanini ya kweli."

Kabla sijapumua, jirani mmoja mwenye lori akanivuta kando. "Mambo ya gia nimeyaelewa, ndugu yangu. Sasa niambie, zile tairi za kufupisha barabara zimebaki ngapi kwa Mhindi?"

Nilichojifunza: ukibadilisha saizi ya tairi, rekebisha mita siku hiyo hiyo, na pima mwenyewe kwa saa. Mita inayosoma kidogo haitakukoholea ukipita kiasi. Na ukijua jambo ni uongo, usiliitikie Amina, maana kuanzia hapo ni lako pia.

Madereva mlioko humu, mita zenu zimewahi kuwafanyia muujiza gani? Tupeni, lakini ukweli mtupu.