Mama Kabange na Vifungo Visivyo na Jina

Haya yalinipata minye mwenyewe, mchana kweupe, na mashahidi wawili wangali hapa Likasi. Asiyeamini awaulize.

Niko na famasia karibu na soko. Juma lile nilikuwa nimefungua ukurasa wa kuagiza dawa kwa simu. Jirani yangu Papa Ilunga, wa tiketi za basi, alifungua wake, na Mama Béa wa mikate vilevile. Kila mtu na fundi wake, kila mtu na siri yake.

Mvua ilikuwa inanyesha. Akaingia mama mmoja asiyeona, fimbo nyeupe mkononi. Nguo zake zilikuwa kavu. Niliona, lakini mteja unamuulizaje habari ya ukavu?

"Papa, simu yangu inanisomeaka kila kitu," akasema. "Lakini ku ukurasa yenu inasema tu: bouton, bouton, bouton. Ya kulomba dawa ni gani?"

Akaniwekea simu sikioni. Kweli, vifungo vyetu vyote vilikuwa picha tupu, bila jina.

"Mama, unaitwa nani?"

"Kabange, wa Shituru."

Niligeuka kumwita fundi. Kurudisha macho, hayupo.

Nikakimbia kwa Papa Ilunga. "Unatafuta mama kipofu?" akaniwahi. "Ametoka hapa sasa hivi. Aliuliza bouton ya tiketi." Mama Béa, ng'ambo ya barabara, naye alikuwa amempokea saa ileile. Muniamini.

Tukaenda Shituru sote watatu, kuulizauliza mpaka tukafika. Alitupokea dada yake, Mama Ngalula, naye haoni.

"Kabange? Tulishamuzika mwaka jana," akasema polepole. "Alikuwa muntu wa kuuliza sana."

Mwaka jana! Kurasa zetu hazikuwepo hata katika mawazo. Alizijulia wapi?

Tulipomweleza habari ya vifungo, Mama Ngalula akaongeza: "Na minye ile bouton ninaitafutaka."

Tulikaa naye, sisi watatu na fundi mmoja, tukakipa kila kifungo jina. Aliagiza mkate peke yake kwa mara ya kwanza. Kisha akaagiza mwingine.

Mpaka leo hatufungui kitu kipya kabla yeye hajakijaribu. Na mvua ikinyesha, bado ninatazama kama nguo za kila anayeingia zimelowa.

Nawe mwenye duka, ukifungua ukurasa, funga macho kwanza uujaribu. Huwezi kujua nani ameshaufungua kabla yako.