Msamaha Alioniombea Mjomba

Chumba cha kutotolea vifaranga hakina siri. Ikifika siku ya ishirini na moja, kelele zake unazisikia ukiwa bado getini.

Asubuhi ile nilifika getini, sikusikia kitu.

Nikafungua mashine. Mayai elfu moja na mia mbili yamelala kwenye trei kama mawe ya mtoni. Hakuna hata moja lenye ufa.

Nikabandika sikio kwenye yai moja. Kimya. Jingine. Kimya.

Ile mashine ilikuwa chini yangu. Nimesomea mifugo chuoni, na kazi nilitafutiwa na mjomba wangu, mtunza kuku wa shamba lile, ambaye pia nilikuwa naishi kwake. Yeye anakusanya mayai bandani, mimi nayatotolesha.

Kufikia saa tatu wateja walishajaa uani na maboksi yao matupu. Bosi wetu, mama ambaye sote tunamwita Madam, akatuita hapo hapo mbele yao.

Aliuliza swali moja tu. Siku ile umeme ulipokatika mashine ikaanza kupoa, jenereta ilichukua muda gani kuwaka?

Nikasema dakika kumi. Nilisema kwa sauti ndogo, kama kawaida yangu. Mimi ni mtu wa aibu. Nikitazamwa na watu watano tu, natazama chini.

Dereva wetu, tunayemwita Gia, akasema dakika kumi za chuo ni saa tatu za mtaani. Watu wakacheka. Mteja mmoja akaongeza kwamba wasomi wa siku hizi akili yote iko kwenye simu. Dakika mbili baadaye nilishapewa jina: Dada Baridi.

Nikamtazama mjomba. Nilijua atanitetea. Siku hiyo ya umeme, yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia dumu la mafuta.

Mjomba akavua kofia.

"Madam, nisamehe mimi niliyemleta. Ni mtoto bado. Atajifunza."

Mnaelewa hapo? Aliniombea msamaha wa kosa ambalo sikulitenda. Na mjomba wako akishakuombea msamaha, nani tena atauliza kama ulikosa?

Nikaambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Kila aliyewahi kuajiriwa anajua maana yake.

Nilijifungia chumbani, nikalia mpaka mto ukalowa. Mke wa mjomba akaniletea chai, akasema nimshukuru mjomba wangu, bila yeye ningeshafukuzwa. Chai ikanipalia.

Kilichonikera zaidi ni hiki. Niliomba mara mbili niyapime yale mayai kwa tochi siku ya saba, kama tulivyofundishwa. Yai lenye kifaranga linaonyesha mishipa myekundu. Lisilo nacho linang'aa tupu. Madam alikataa, akasema kufungua mashine ni kumwaga joto. Sasa joto hilohilo naambiwa nimelimwaga mimi.

Nikiwa nimefukia uso kwenye mto, nikakumbuka jambo. Baridi ikiua kifaranga, unakikuta ndani ya yai. Kimekufa, kinanuka, lakini kipo.

Na yale mayai hayakuwa yananuka.

Kesho yake asubuhi nikarudi. Nikamwambia Madam naomba ndoo na trei moja ya yale mayai, halafu nitaondoka zangu. Akaniangalia kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili, ila akakubali. Mjomba alikuja nyuma yake, akasema niache kujiaibisha. Sijawahi kumkatalia mjomba jambo. Siku hiyo nilijifanya sijasikia.

Nikapasua la kwanza. Kiini na ute. Hakuna kifaranga, hakuna damu, hakuna hata uzi wa mshipa. La pili hivyo hivyo. La tano. La kumi.

Madam akachukua lake, akapasua mwenyewe. Tupu.

"Haya hayakufa, Madam," nikasema. "Hayakuwahi kuwa na uhai. Kuku hutaga hata bila jogoo, ila yai lake halina mbegu."

Neno jogoo liliponitoka tu, mkono ukanisimama hewani. Majogoo wako chini ya nani?

Madam alishafika huko kabla yangu. Akageuka kwa mjomba, akamuuliza majogoo wako wapi.

Mjomba akajikuna shingo. Habari ikatoka polepole. Majogoo walikuwa wanapigana na kuwajeruhi kuku migongoni, akawatenga nyuma ya stoo. Alipanga iwe wiki moja. Ikawa karibu miezi miwili. Kuku wakaendelea kutaga kama kawaida, naye akasahau. Alikuja kukumbuka aliposikia mashine iko kimya.

Yaani pale uani, kofia mkononi, alikuwa anajua.

Madam akanivuta ofisini. Akasema pole mwanangu, yameisha, rudi kazini, watu tutawaambia mashine ilileta hitilafu. Akanikumbusha kwamba yule ni mjomba wangu, mtu mzima, ana heshima yake.

Na yangu je, ni ya kukodi?

Sijui sauti ilitoka wapi. "Madam, jana nilihukumiwa uani. Siwezi kusafishwa ofisini."

Aliinuka kitini. Kisha akawaita wote uani. Wateja hawakuwepo, na hilo linaniuma hadi leo. Walishaondoka na habari yao. Lakini wafanyakazi walitimia. Mjomba akasimama, akasema yote kwa maneno machache. Gia aliinama, akawa anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Hakuna aliyeniomba radhi. Kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Jioni tulirudi nyumbani pamoja, mjomba mbele, mimi nyuma. Mlangoni akageuka.

"Ungenifuata mimi kwanza, mwanangu. Tungeyamaliza ndani."

"Mjomba, nakuheshimu," nikamjibu. "Lakini wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kujua. Ukaona uyamalizie juu yangu."

Akafungua mlango, akasogea pembeni, akanipisha nitangulie.

Ndugu zangu, usikubali kuombewa msamaha wa kosa usilolijua. Ukiupokea, umesaini. Na wewe uliyemchafua mtu hadharani, usimsafishe kwa kumnong'oneza. Walioona tope, waone na maji.