Kadi Yangu ya Dhahabu na Kiti cha Dada Zaituni

Nilimwacha dada yangu kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya watu, nikapanda ndege, baada ya kumwambia sikuwa na la kufanya. Nilikuwa nalo. Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja mapema kabla sijaanza kujipamba.

Nitawaita Dada Zaituni na Sharifa, ingawa hayo si majina yao. Dada Zaituni ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Ni fundi wa kushona mabuibui na sare za shule, anaishi Bungoma mjini katika nyumba ya wazazi wetu, nyuma ya msikiti. Sharifa alikuwa mtoto wake wa pekee, na mimi ni mjomba wake. Alikuwa akifanya kazi ya udobi katika hoteli moja huko Ghuba.

Mimi naishi Kitale. Nauza mashine za kupukuchua mahindi, na kampuni yangu hunituma nje mara kwa mara kuonana na wanaozitengeneza. Kwa kupanda ndege sana, shirika moja la ndege likanipa kadi ya dhahabu. Ndugu yangu, kadi ile ilinipanda kichwani. Foleni yangu ikawa fupi, begi langu la ziada halikulipiwa, na mara moja moja walinipandisha viti vya mbele bila kuongeza senti. Nikiagiza chai hotelini Kitale, niliiweka kadi mezani makusudi ili ionekane. Marafiki wakaniita Mheshimiwa Dhahabu. Walikuwa wananicheka, mimi nikadhani wananisifu.

Sharifa akaugua ini. Habari tulizipata kwa Nafula, binti wa Webuye aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja huko.

"Uncle, leteni mama yake haraka," aliniambia kwenye simu. "Anamuulizia kila saa. Daktari amesema tusingoje."

Jamaa wakachanga, watu wa msikiti wakachanga. Na wote wakasema neno moja: huyu wa Kitale ndiye mtu wa ndege, yeye akate tiketi na amsindikize dada yake. Nilifurahi kusikia hivyo. Msichana yuko hoi, na mimi moyoni nafurahi kwamba nimetajwa.

Sasa nikueleze jambo la tiketi, maana humo ndimo nilimoficha uchoyo wangu. Kuna tiketi ya bei ya chini kabisa, yenye masharti chungu nzima. Huchagui kiti, unapewa dakika ya mwisho kile kilichobaki. Huwezi kubadilisha tarehe, hurudishiwi pesa, na begi ni la mkononi tu. Mwenye kadi kama yangu akiinunua, hupunguziwa makali: begi lake linapita na anaingia ndegeni mapema. Lakini pointi za safari, zile za kulinda kadi yake, hapati, ama anapata za kudokoa tu.

Mwaka ulikuwa unaisha, na mimi nilibakisha pointi kidogo ili kadi yangu ya dhahabu isishushwe daraja kuwa ya fedha. Kwa hiyo nilifanya hivi. Dada nilimkatia ile ya chini kabisa. Mimi, kwa pesa yangu, nikajikatia ya juu yake kidogo, ile yenye pointi. Zikawa tiketi mbili mbalimbali, kila mtu na namba yake. Nikajiambia haina neno, kadi yangu itatubeba sote wawili. Sikuuliza mtu. Mtu wa ndege amuulize nani?

Nairobi mambo yalikwenda vizuri, na huko kwenda vizuri ndiko kulikonilevya. Dada alikuwa na begi kubwa, kwa sheria lilipaswa kulipiwa. Nikatoa kadi, yule binti wa kaunta akatabasamu akalipitisha kama langu.

"Si nilikuambia?" nikamwambia Dada. "Ukiwa na mimi hakuna shida."

"Mungu akuzidishie," akasema. Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Njia nzima alishika ncha ya shati langu kama mtoto anayevuka barabara.

Tulipaswa kubadilisha ndege katikati ya safari. Kufika pale, tukaambiwa ndege kubwa imeharibika na imeletwa ndogo, kwa hiyo watu wengine watabaki hadi kesho yake mchana. Mimi hata sikushtuka. Nikamkalisha Dada kwenye benchi, nikaenda kaunta nikiwa nimetanguliza kadi.

Kijana wa pale aliangalia kompyuta, akanipa pasi mpya ya kupandia. "Wewe uko sawa, bwana. Tumekupandisha kiti cha mbele kabisa."

"Na dada yangu?"

Akatafuta jina. "Huyu hana kiti. Tiketi yake ni ya bei ya chini na hana kadi. Watu wa namna hiyo ndio wa kwanza kubaki."

"Lakini mimi ni dhahabu, na tuko pamoja."

"Tiketi zenu ni mbalimbali," akasema. Hakuwa mtu mbaya, alionekana kuchoka tu. "Kwa kompyuta hii, nyinyi hamjuani."

Nikamweleza kwamba tunamwahi mgonjwa, kwamba mgonjwa ni mtoto wa yule mama. Akaitazama tena kompyuta. Kisha akasema maneno ninayoyasikia hadi leo.

"Naweza kufanya hivi. Wewe ukikubali kubaki, nampa yeye nafasi. Utalala hoteli kwa gharama yetu, na kesho utamfuata. Unakubali?"

Nitasema ukweli wote, maana nimechoka kuusema nusu. Niliitazama ile pasi mkononi. Nilikuwa nimeona namba ya kiti, safu ya kwanza, dirishani. Nikafikiria hoteli ya uwanjani. Nikafikiria kama nikibaki pointi zitahesabiwa au zitapotea. Nilifikiria yote hayo huku dada yangu ameketi nyuma yangu, amepakata mkoba wake.

Ndipo nikaanza kutafuta sababu nzuri, na sababu nzuri hazikosekani. Nikajiambia Dada hajui Kiingereza. Nikajiambia atapotea akifika, hajui hospitali iko wapi, mimi nikitangulia nitaongea na madaktari. Nikamwambia yule kijana, "Hapana. Acha niende mimi."

Nikarudi kwenye benchi. "Dada, kompyuta imekataa. Wamesema mmoja tu ndiye atakayeenda, na ni mimi."

"Si uwaambie watubadilishe? Niende mimi, wewe ubaki."

"Nimewaomba. Wamekataa kabisa."

Alinitazama, na akaniamini. Hicho ndicho kinachonimaliza, kwamba hakuchukua hata dakika kunishuku.

"Basi enda," akasema. "Usisimame hapa na mimi. Enda umshike mtoto mkono, umwambie niko nyuma yako."

Kisha akanisomea dua ya safari. Mimi! Nikaitikia amina, nikaenda zangu kupita kwenye ile foleni fupi.

Ndani walinipa kitambaa cha moto cha kujifutia uso na maji ya matunda. Walileta chakula kwenye sahani za udongo, na nilikula. Kilikuwa kitamu. Siku hizi nikila chochote kitamu nakumbuka kile chakula na natamani kutapika.

Nilipotoka uwanjani upande wa pili, nilimkuta Nafula amesimama mbele ya umati. Alikuwa ameinua karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: MAMA SHARIFA. Alikuja kumpokea. Alikuwa na gari la rafiki yake, alijua hospitali, alijua wodi, alijua hata jina la daktari. Dada asingepotea popote. Kila sababu niliyojipa pale kaunta ilikufa mbele ya ile karatasi.

"Mama yuko wapi?" Nafula akauliza, akichungulia nyuma yangu.

"Ndege ilijaa."

Nafula akaikunja ile karatasi.

Nafula alinipeleka wodini, akabaki nasi usiku kucha. Sharifa alikuwa amekonda, macho manjano kama kiini cha yai. Alikuwa na fahamu zake. Aliposikia mlango alijaribu kuinuka, kisha akaniona.

"Mama yuko wapi?"

"Anakuja, mama. Amechelewa na ndege. Kesho atakuwa hapa."

Akanitazama sana. Hakuwa na hasira, aliuliza tu kama mtoto anayetaka kuelewa jambo. "Sasa mbona umekuja wewe?"

Nilimshika mkono kama nilivyoagizwa, naye akauacha mkononi mwangu, lakini uso wake aliugeuza mlangoni. Hakuniambia neno lingine. Alifariki alfajiri, akiwa ameuelekea mlango ule ule, na mama yake akiwa bado hajaitwa kupanda ndege.

Dada alifika jioni. Nafula ndiye aliyempa habari. Akina mama wa huko walimsaidia akamwosha mwanawe, na Sharifa akazikwa kule kule. Tulipotoka makaburini, Dada akanishika ncha ya shati.

"Alisema nini mwisho?"

Hapo nikaongeza uongo juu ya uongo. "Alisema, mwambie mama asilie. Alisema umemlea vizuri, na umsamehe alipokukosea."

Nafula alikuwa amesimama karibu nasi. Akatazama chini.

Ungedhani mambo yaliishia pale. Dada anaishi na yale maneno niliyoyatunga. Anawasimulia wateja anaowapima nguo, anawasimulia wanawake wa msikitini. Kila nikienda Bungoma ananiwekea chai, anaketi mbele yangu na kuniambia, "Hebu nieleze tena." Nami namweleza. Kila mara naongeza kidogo, ati alitabasamu, ati alitaja jina lake. Analia na kunishukuru. "Afadhali ulikuwepo wewe," husema. Majirani hunipa mkono kwa heshima.

Na Sharifa simalizani naye. Nikiingia mkutanoni, nikifika nyumbani kwa mtu, hata mke wangu akinifungulia mlango, nalisikia lile swali: mbona umekuja wewe? Nimewahi kugeuka mlangoni pa rafiki yangu hapa Kitale nikarudi nyumbani bila kubisha. Mke wangu anadhani nina ugonjwa ninaouficha.

Halafu shirika likaniandikia kunipongeza. Safari ile ndiyo iliyotimiza pointi zangu. Nikachukua mkasi nikaikata kadi vipande, nikaitupa chooni, nikadhani nimemaliza. Safari iliyofuata, nilipotoa pasipoti tu, binti wa kaunta akatabasamu: "Karibu tena, mgeni wetu wa dhahabu." Imo ndani ya kompyuta, mkasi haufiki huko. Tangu siku hiyo nawatuma vijana wa ofisi kwenye safari, na bosi ameanza kuuliza kuna nini.

Kinachonifanya niandike sasa ni Nafula. Anakuja nyumbani likizo, na Dada amemwalika Bungoma kwa sababu, anasema, anataka kumsikia mtu mwingine aliyekuwa pale. Nilimwandikia Nafula kwa siri nikimsihi aseme nilivyosema mimi. Alijibu kwa ufupi: "Uncle, mimi sitaanzisha hiyo story. Lakini mama akiniuliza, siwezi kumdanganya."

Nilisoma jibu lile nikaona haya mbele ya mtoto wa watu. Nikaamua nitangulie kabla hajafika, nimwambie Dada kila kitu, kuanzia tiketi, kaunta, hadi maneno ya mwanawe. Huenda asinitazame tena. Ana haki.

Wewe unayesafiri na mtu wako, hasa yule asiyejua mambo ya ndege, nisikilize. Kadi yako ni yako peke yako. Usimkatie tiketi ya mkiani ukitegemea jina lako litamvuta, na msikate tiketi mbalimbali. Siku viti vikipungua wataanza na mnyonge, tena ni wewe uliyemweka pale. Mwambie kabla hamjatoka nyumbani ana tiketi ya namna gani, ili ajue na achague mwenyewe.

Jana nilimpigia Dada simu. Nikamwambia nakuja Ijumaa, nina neno la kumwambia.

"Ni la Sharifa?" akauliza, na sauti yake ikachangamka. "Kuna kitu umekumbuka? Basi ngoja niite akina mama wa hapa jirani, nao wasikie."

Sikuweza kumkataza. Nitasema mbele yao wote. Nawe, ukiulizwa kaunta nani abaki, mpe mtu wako kiti kabla hujaanza kutafuta sababu, maana sababu utazipata.