Kamera Juu ya Rafu ya Nyuzi

Simu ya mwenzako umeishika mara ngapi wiki hii, yeye akiwa bafuni? Usinijibu. Jibu lako lifiche hukohuko unakoficha na mengine, maana siandiki haya ili nikuaibishe wewe. Naandika habari za mjomba wangu, na mahali fulani katikati nitajiaibisha mwenyewe.

Mjomba ni fundi kufuli. Kibanda chake kipo kwenye kona ya barabara ya soko, upana wake hauzidi kitanda, na ukutani zimening'inia funguo ambazo bado hazijachongwa meno, mamia kwa mamia. Mtaani humwita Bwana Funguo. Ukifungiwa nje ya nyumba yako, au mtoto akitumbukiza ufunguo chooni, unamwita yeye. Atakuja na mkoba wake wa ngozi, atapiga goti mbele ya kitasa, atatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua, na kabla hujamaliza kueleza ilivyokuwa, mlango utakuwa wazi. Kisha atafanya jambo ambalo wengi hawaligundui: atageuza mgongo. Hatazami ndani. Hajui rangi ya viti vyako wala hataki kuijua.

"Fundi kufuli mwenye macho hana wateja," huniambia.

Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kusema kwamba Bwana Funguo alichungulia.

Lakini mganga hajigangi. Mtu huyu aliyeaminiwa na mtaa mzima hakumwamini mke wake.

Mkaza mjomba, ambaye mimi humwita Mama kwa kuwa ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, ni mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia, kioo kirefu, rafu ya nyuzi. Wateja waliingia na kutoka mchana kutwa. Wa kike mjomba hakuwa na neno nao. Wa kiume aliwahesabu. Na katika hao wa kiume alikuwepo mmoja aliyemkaa kooni kama mwiba wa samaki: mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mgane, mrefu, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio.

"Mwezi huu ameleta suruali nne," mjomba aliniambia siku moja. "Nne! Mtu ana miguu miwili."

"Labda amekonda, mjomba. Zinataka kupunguzwa."

"Anakondeshwa na nini?"



Ijumaa moja alinipigia simu akanitaka nifike upesi, kabla Mama hajarudi kutoka sokoni alikokwenda kununua vifungo. Nilimkuta ameketi kitandani, mapajani ana kikasha cheupe. Ndani yake mlikuwa na kamera ya ulinzi, kubwa kidogo kuliko yai.

"Wewe si ulisomea mambo ya mitandao chuoni? Nifungie hii. Chumba cha mbele, juu ya rafu ya nyuzi."

"Ya kuwanasa wezi?"

"Ndiyo. Wezi."

"Wezi gani hao, mjomba, wanaokuja mchana Mama akiwa anashona?"

"Usiniletee ukaidi wa kisomi, mpwa wangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Hasa ukiwa umeoa mshonaji."

Hakucheka. Basi nikamhubiria. Nakiri kwamba napenda kuhubiri. Chuoni nilikuwa mtu wa majukwaa na mijadala, na hadi leo siwezi kuona mtu akimdhulumu mwenzake nikanyamaza. Nilimwambia mke si stoo hata awekewe mlinzi. Nilimwambia kwamba dunia nzima imejaa wakubwa wanaowachungulia wadogo kwa kisingizio cha usalama, na ubaya huo huanzia humu humu majumbani mwetu. Nilisema mengi, na mengine yalikuwa mazuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikigeuzageuza kile kikasha, kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Silali, mpwa wangu. Nikiwa kibandani nachonga ufunguo, naona mikono yake ikimzungushia yule bwana futi ya kupimia. Wiki hii nimeharibu funguo tatu. Mimi! Nifungie siku moja tu, nione kwamba hakuna kitu, nilale."

Laiti angenifokea, ningekataa. Lakini alinibembeleza, na mimi niliyekuwa nimesema yote yale nikaichukua kamera.

Niliipachika katikati ya koni za nyuzi nyeupe, nikaichomeka kwenye umeme, nikaweka programu yake kwenye simu ya mjomba. Mara ya kwanza iligoma. Ilihangaika na mtandao wa nyumba, kisha ikatamka kwa sauti ya kike, kwa lugha ya kigeni, kwamba imeshindwa. Mjomba aliruka.

"Inaongea?"

"Wakati wa kuunganishwa tu."

"Iambie isiongee Mama yako akiwepo."

Kumbe kile kisanduku cha intaneti pale sebuleni kilikuwa kinarusha mitandao miwili, mmoja wa kasi na mwingine wa polepole lakini wenye kufika mbali, na kamera hizi ndogo huelewa huo wa polepole tu. Niliihamishia simu huko, nikaandika neno la siri, nikaielekezea kamera ule mraba wa vidoadoa uliotokea kwenye kioo cha simu. Taa yake nyekundu ikageuka buluu. Ghafla chumba kizima kikawa kiganjani mwa mjomba: kioo, meza, kiti cha Mama kikiwa kitupu. Alikitazama kile kiti muda mrefu.

"Neno la siri wanalijua nani na nani?" akaniuliza.

"Mimi, wewe, na Mama. Wateja humtumia picha za mishono, lazima awe nalo."

"Nionyeshe linavyobadilishwa."

Nilimwonyesha. Sikuwaza kitu.

Mama alirudi, na haikupita robo saa mwalimu akabisha hodi, nguo mkononi. Mjomba alitoka chumbani kumpokea, akiwa mchangamfu kupita kiasi.

"Karibu, mwalimu! Suruali ya tano?"

"Leo suti kabisa, ndugu yangu. Nina usaili wa ualimu mkuu."

"Suti kabisa! Basi utapimwa mwili mzima."

"Nyoosha mgongo, mwalimu," Mama alisema, sindano zikiwa katikati ya midomo yake. "Ukijikunyata hivyo suti itamwenea mdogo wako."

Mwalimu alicheka ile sauti yake ya redio. Mjomba akasema amesahau mkoba, akarudi chumbani, akakaa huko dakika kadhaa. Alipotoka alinishika mkono. "Twende kibandani." Nilipogeuka mlangoni, Mama alikuwa amemzungushia mwalimu futi kiunoni, kichwa ameinamisha ili asome namba.

Kibandani ni mwendo wa dakika kumi. Mjomba alikaa kwenye kigoda chake, akaitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akachukua ufunguo wa mteja, akaushika na kuuacha. Akaitoa tena simu.

"Bado anampima kiuno," alisema.

"Kiuno ndicho kigumu, mjomba."

Alichonga jino moja la ufunguo. Akatazama tena.

"Bado."

Baada ya nusu saa alinisukumia simu juu ya meza. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo chake, nikalikinga kwa kiganja. Niliona kile nilichokiona kwa macho yangu wakati wa kutoka: Mama ameinama, mikono yake miwili kiunoni mwa yule mwanamume, na mwanamume anatabasamu akitazama mbele.

Sasa nijiaibishe kama nilivyoahidi. Mimi ndiye niliyesomea vitu hivi. Ningeangalia vizuri ningeona kile kiduara kinachozunguka pembeni, ningesoma saa iliyoandikwa chini ya picha. Sikuvitafuta. Niliitazama ile mikono, mikono iliyonifunga vifungo vya sare ya shule, na nikasema moyoni: nusu saa nzima? Wivu huambukiza kama upele. Nilimwonea donge mwalimu kwa suti yake na usaili wake, mimi ambaye barua zangu za kazi hazijibiwi, na katika donge hilo nikamshuku mama yangu.

Mjomba aliona uso wangu. Hakuhitaji ushahidi mwingine. Aliinyakua simu yake, akatoka mbio, mzee wa miaka hamsini na minne, viatu vya wazi vikimpiga visigino, akaacha kibanda wazi na funguo za nusu ya mtaa zikiwa zinaning'inia. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake. Nilibaki nikihangaika na kufuli la kibanda, na hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Mama.

"Mwanangu, hii intaneti imekufa tangu saa kumi. Nataka kumtumia mteja picha ya gauni. Huyo mjomba wako hajagusagusa kitu?"

"Mama, mwalimu yupo?"

"Mwalimu? Alishaondoka zamani. Kwa nini?"

Niliyaelewa yote kwa pigo moja. Mjomba alikuwa amebadilisha neno la siri. Hiyo ndiyo desturi ya ufundi wake, na huwausia wateja wake wote: akishaondoka mwashi, akishaondoka mpaka rangi, badilisha kitasa, maana hujui nani amebaki na ufunguo. Kamera ilikuwa imefungiwa nje, na programu ilikuwa ikimwonyesha picha ya mwisho iliyoipata kabla ya kufungiwa.

Nilikimbia. Nilichelewa.

Mjomba alikuwa amesimama katikati ya chumba, anahema. Mama alikuwa kwenye cherehani, ana sindano mdomoni.

"Yuko wapi?"

Alizitoa zile sindano moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kijimto chake cha sindano. "Nani?"

"Unamjua! Nimewaona, nusu saa nzima mmeshikana!"

"Umetuona ukiwa wapi?"

Simu ilikuwa mkononi mwa mjomba. Mama alisimama, akaichukua kwa upole, kama anayempokonya mtoto kisu, akajitazama. Kisha akainua macho taratibu, akiifuata pembe ya ile picha, mpaka juu ya rafu ya nyuzi.

"Nani ameifunga?"

"Mimi, Mama," nilisema mlangoni, nikaisogelea simu, nikaisoma saa iliyo chini ya picha. "Mjomba, hiyo picha ni ya saa kumi na dakika saba. Imeganda. Ulibadilisha neno la siri?"

"Nilibadilisha. Fundi akimaliza kazi, kitasa hubadilishwa."

"Basi kamera ina ufunguo wa zamani. Haioni kitu."

Mjomba aliketi kwenye kigoda cha wateja. Mama hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Miaka ishirini na miwili nimeolewa na mtu anayefungua milango ya watu. Unaitwa alfajiri, unaitwa mchana. Wanawake wamefungiwa nje na taulo, unakwenda. Hata siku moja sijakuuliza umefungua mlango wa nani. Uliniambia unageuza mgongo, nikaamini. Mimi sikununua kamera."

"Nisamehe, mke wangu. Roho ilikuwa inaniuma."

"Na yangu unadhani ni ya mbao? Nimeona wivu mpaka nikashona mkono wa shati kwenye shingo. Lakini wivu wangu niliumeza mwenyewe, sikukulisha wewe." Alichukua kitambaa cha ile suti, akakikunja. "Kesho nahamishia cherehani kwa wenzangu, kwenye karakana ya akina mama ng'ambo ya barabara kubwa. Nitashona kule, nitalala hapa. Lakini siku nitakayokuona umenifuata kuchungulia, na kulala nitahamia hukohuko."

"Mama," nilianza, "mimi nilimwambia mjomba kwamba..."

"Wewe umesoma," alisema. Hotuba zangu zote za chuoni haziwezi kulibeba neno hilo moja.

Kesho yake asubuhi nilifika na mkokoteni. Mama alifunika cherehani kwa shuka, tukaipandisha, mimi nikavuta na yeye akatembea pembeni amekishika kichwa cha cherehani kisitikisike. Mjomba alitufuata nyuma, mikono mitupu, kama mtu anayekwenda harusini asikoalikwa. Kwenye mteremko wa kuelekea barabara kubwa mkokoteni ulinizidi nguvu, ukaanza kunisukuma. Mjomba aliudaka kwa nyuma, akauzuia kwa kifua mpaka tukafika chini. Hakuna aliyemwambia asante.

Karakana ile ina mlango mwembamba. Wanawake watano walikuwa kwenye cherehani zao, wakaacha kushona watutazame. Tuliingiza mzigo, wakamwonyesha Mama nafasi yake karibu na ukuta. Mjomba aliishia kizingitini.

"Jioni nije kukupokea?" aliuliza.

"Nitarudi mwenyewe. Njia naijua."

"Sawa."

Lakini hakuondoka. Alisimama palepale, mkono mmoja kwenye fremu, akimtazama Mama anavyopitisha uzi. Ndipo akatokea mwanamume mmoja kijana, nadhifu, koti amelikunja mkononi, akataka kuingia akashindwa, maana mjomba alikuwa ameujaza mlango.

"Mzee, naomba njia. Nasikia kuna fundi mpya hapa."

Mama aliinua kichwa. Alisubiri. Wale wanawake watano walisubiri. Mjomba alimtazama yule kijana kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akalitazama koti. Kidole chake kiliigonga ile fremu mara mbili.

"Yupo," alisema. "Ni mke wangu. Anashona vizuri."

Akasogea pembeni, yule kijana akapita.